Turubai la Fundi Nusu Inchi

Mwenye mahema alikuja asubuhi ya Ijumaa bila mahema. Alikuja na baiskeli, kofia mkononi, na uso wa mtu aliyefanya mazoezi ya kusikitika njia nzima. Fundi Nusu Inchi alikuwa uani, juu ya kigoda, akifunga mapambo ya karatasi kwenye ukuta wa choo cha wapangaji, maana alisema siku ya harusi hata choo kipewe heshima yake. Alipoiona ile kofia mkononi, akaacha kufunga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mahema yako wapi?"

"Ndiyo nimekuja tuzungumze."

"Mimi sikukodi mazungumzo. Nilikodi mahema."

Mwenye mahema akaeleza huku akizungusha kofia yake. Kuna mkubwa mmoja amefariki, na familia yake imechukua mahema yote, makubwa kwa madogo, mpaka lile la kufunikia sufuria. "Na wewe unajua, Fundi, msiba hauahirishwi. Harusi mnaweza mkaisogeza kidogo."

"Niisogeze? Kwani harusi ni kabati?"

Mwenye mahema akatoa bahasha yenye malipo aliyokuwa amepewa, akaiweka pembeni ya kigoda kama mtu anayemwekea chakula mbwa asiyemfahamu, akarukia baiskeli yake na kutoweka. Fundi akabaki juu ya kigoda na karatasi za rangi mkononi. Juu yake wingu lilikuwa limetanda tangu Jumatano, zito, jeusi, tena halina haraka kabisa.

Mkewe, Mama Sindano, akatoka jikoni na kisu cha vitunguu. Alikuwa amesikia yote. Kuta za nyumba ile hazikuwa na siri.

"Basi yameisha, Baba Sindano. Tumpigie mkwe, tuchukue ukumbi."

"Ukumbi gani?"

"Usinijie na 'ukumbi gani'. Ukumbi ule ule uliopewa bure ukaukataa mbele za watu."

Tuseme ukweli: mvua ilikuwa na makosa yake, lakini mdomo wa Fundi ulitangulia. Familia mbili zilipokutana kupanga harusi, mama wa bwana harusi, ambaye ni muuguzi mkuu na mji mzima unamwita Sista, alitoa ukumbi wa chama cha wauguzi. Una bati, una feni, una vyoo viwili. Fundi akasimama, akajikohoza, akasema binti yake amezaliwa kwenye chumba kinachotazama ua ule, ametambaa kwenye ua ule, na ataolewa kwenye ua ule ule. Watu wakapiga makofi. Wakati ule jua lilikuwa kali.

"Nilisema nitamwozesha kwangu," akasema Fundi, akishuka kigodani. "Sikusema kama jua likiwaka."

"Basi umwambie na huyo," mkewe akajibu, akionyesha wingu kwa kisu.

Chai ya Fundi ilikuwa haijapoa vizuri Sista alipobisha hodi. Nani aliyempelekea habari hakujulikana, na kwenye nyumba ya wapangaji hakuna haja ya kuuliza. Aliingia uani anavyoingia wodini, akitazama kulia na kushoto kama anatafuta mgonjwa aliyeshuka kitandani bila ruhusa. Nyuma yake alifuata wifi yake, shangazi wa bwana harusi, akiwa amepandisha sketi kwa vidole viwili ili isiguse mfereji wa maji machafu. Mfereji ulikuwa umefunikwa mbao tangu jana, lakini shangazi aliishikilia sketi vivyo hivyo.

"Mkwe, nimesikia. Pole sana," Sista akasema.

"Pole ya nini? Hapa hakuna mgonjwa."

Sista hakuchukia. Akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kibao cha mbao kikubwa kama kipande cha sabuni, cha kuzuia watu wasiondoke nao mfukoni. "Ukumbi uko tayari. Niliushikilia, kwa tahadhari tu."

"Uliushikilia tangu lini?"

"Tangu siku uliyoukataa."

Masikio ya Fundi yakapata moto. Kumbe wakati watu wanampigia makofi, huyu mama alikuwa kimya akihesabu mawingu! Kwamba alifanya hivyo kwa wema ndiko kulikomuuma zaidi, maana mtu akikutukana unaweza kumjibu, lakini mtu mwenye tahadhari utamwambia nini? Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama vitunguu.

"Na wageni wetu wana viatu, jamani," shangazi akaongeza. "Siyo kila mtu amezoea matope."

Hapo Fundi akajisahau. Akavua tepu ya kupimia shingoni, akaishika mkononi kama mtu anayekula kiapo.

"Sikilizeni nyote. Kesho ua huu utakuwa na paa. Tone la mvua likimwangukia mgeni wangu yeyote, hata kwenye kidole cha mguu, nitabeba viti mimi mwenyewe, kichwani, mpaka ukumbini kwenu, na harusi itafungwa huko."

"Tumesikia," shangazi akasema upesi. "Wote tumesikia."

Sista akamtazama Fundi kidogo, kama anayempima homa kwa macho, kisha akaurudisha ufunguo mkobani. "Sawa, mkwe. Ufunguo utakaa humu."

Walipotoka, Mama Sindano akaweka kisu chini. "Baba Sindano, paa hilo unalitoa wapi?"

"Nalishona," akasema Fundi, na yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari hiyo.

*

Ukitaka kujua kama majirani wanakupenda, waombe turubai siku yenye wingu. Mwashi, jirani wa chumba cha pili, alifunua saruji yake akatoa turubai la kijani lililopauka, akaihamishia saruji chini ya kitanda chake mwenyewe. Muuza mkaa alileta mawili ya bluu, meusi upande mmoja. Mpangaji wa chumba cha mwisho, asiyekuwa na kitu, alivua pazia la plastiki la bafuni kwake, lenye samaki wa njano. Fundi alipokea vyote kwa mikono miwili.

Kisha akaupima ua. Aliupima kama anavyopima mteja. Upande wa choo akauita bega la kushoto, upande wa jiko bega la kulia, pale katikati panapobanwa na tangi la maji akapaita kiuno. Aliandika kwa chaki sakafuni, akafuta, akapima tena. Watu walimwita Nusu Inchi kwa sababu hii hii. Hakuna nguo iliyotoka kwake bila yeye kusema, "Hapa tupunguze nusu inchi," hata kama mteja anahema kwa shida.

Cherehani ya miguu ililia siku ile kuliko siku zote. Sindano za jinzi zilivunjika moja baada ya nyingine. Bibi harusi mwenyewe, ambaye alipaswa kuwa ndani anapakwa mafuta na shangazi zake, alikuwa amekaa chini upande wa pili wa cherehani akilivuta turubai lisijikunje. Alikuwa mwembamba tangu utotoni na ulimi wake ulichoma, ndiyo maana baba yake akamwita Sindano, na jina likamganda.

"Baba, nikikuuliza kitu utakasirika?"

"Nitakasirika. Uliza."

"Tukienda ukumbini, kwani sitaolewa?"

Miguu ya Fundi ikasimama juu ya pedeli. Akachukua kipande cha mshumaa, akaanza kuusugua mshono kwa nta, polepole, maji yasipate pa kupenya kwenye matundu ya sindano.

"Mama," akasema. Alimwita hivyo akiwa na jambo zito. "Unajua nimeshona magauni mangapi ya harusi mlangoni hapa?"

"Mengi."

"Mengi. Mabinti wa watu wanakuja, wanavaa, wanasimama pale kizingitini. Mimi navuta pindo, namwambia kila mmoja, 'Limekukaa. Nenda.' Wanakwenda. Harusi sizioni. Naona migongo yao tu, kisha narudi kufagia nyuzi." Akaisugua nta mpaka kidole kikawa cheupe. "Wewe nataka nikuone. Nataka utoke mlangoni kwangu, na nikuone mpaka mwisho. Ukumbini mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mgeni kama wengine, nimeshika kadi, natafuta pa kukaa."

Sindano hakuchoma safari hii. Akalivuta turubai likanyooka. "Shona, baba," akasema.

Jioni Mwashi alipita, akainama, akaitazama kazi ile kwa jicho la mtu wa majengo.

"Fundi, mbona limenyooka hivi? Paa linataka mgongo. Weka nguzo ndefu katikati liinuke."

"Mgongo? Nguo yangu niitie kibiongo?"

"Hii siyo nguo, ndugu yangu."

"Kila kinachopita kwenye cherehani ni nguo. Wewe jenga kuta zako. Kesho utaona kitu kilichokaa."

Mwashi akanyanyua mikono, akaenda kuisogeza saruji yake apate pa kulala.

*

Na kweli lilikaa! Jumamosi asubuhi vijana wa mtaa walilivuta kwenye nguzo, wakafunga kamba, na ua wote ukainua vichwa. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Kijani kimekutana na bluu kwa mshono ulionyooka kama mstari wa daftari, samaki wa njano wakiwa wamepangwa pembezoni kama taraza kwenye kanzu. Fundi alizunguka chini yake, akavuta kona moja, akarudi nyuma, akavuta tena nusu inchi.

"Limekaa kama suti," muuza mkaa akasema.

"Suti ya nani! Suti ina mikunjo kwenye kwapa," Fundi akajibu, na kifua chake kilikuwa kimevimba kiasi kwamba kifungo cha tatu kilikuwa kinaomba msaada.

Wageni wakaja. Walikuja na miavuli na mashaka, wakaangalia juu, wakakunja miavuli. Shangazi wa bwana harusi akachagua kiti kilichokuwa chini ya mshono mkubwa kuliko yote, akakaa, akainua uso akisubiri. Sista alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Kibao cha ufunguo kilikuwa kimechomoza pembeni ya zipu. Fundi alikiona. Alikiona kila alipogeuka.

Mfungisha ndoa alikuwa amesema maneno ya kufungulia tu, bwana harusi akijifuta jasho na bibi harusi akimcheka chini ya shela, mvua ilipoanza. Haikuja na manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja. Watu wote wakainama kana kwamba wamerushiwa mawe, wakasubiri. Hakuna kitu. Wakanyanyua macho. Turubai lilikuwa linapiga kelele kama ngoma, na chini yake ua ulikuwa mkavu kama kabati.

Muuza mkaa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mama Sindano akapiga vigelegele, wanawake wakapokea, na mfungisha ndoa ikabidi asubiri. Shangazi alinyoosha kiganja chini ya ule mshono, akakigeuza, akakitazama. Kikavu. Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango wake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu yoyote. Alitaka asimtazame Sista, lakini shingo ilimsaliti. Sista akamwinamishia kichwa kidogo, kwa heshima. Jamani, kama dunia ingesimama hapo!

Haikusimama. Mwashi, aliyekuwa nyuma, ndiye aliyeona kwanza. Akamvuta Fundi mkono wa koti.

"Fundi. Tumbo."

"Tumbo la nani? Mwambie akae."

"Tumbo la turubai."

Katikati ya ua, juu ya vichwa vya wageni, turubai lilikuwa limeanza kushuka. Maji hayakuwa na pa kwenda. Kazi ilikuwa imenyooka mno, imebana mno, haina mteremko hata wa kumtelezesha sisimizi, na mishono ya nta haikuruhusu hata chozi. Maji yakakaa juu yake kama yamekaribishwa. Tumbo likashuka, likawa beseni, likawa pipa. Samaki wa njano waliokuwa pembeni wakavutwa kuelekea katikati kana kwamba wamesikia kuna bahari.

"Mwenzenu ana mimba!" akapiga kelele muuza mkaa. "Tena pacha!"

Watu wakacheka, kisha wakaliona likishuka tena kwa mkupuo mmoja, wakaacha kucheka. Nguzo ya upande wa jiko ikalia. Mfungisha ndoa akasoma kwa kasi zaidi.

Sista akawa ameshasimama. Sauti yake ilitoka ile ya wodini, isiyokuwa na hasira wala ombi. "Viti vya katikati, ondokeni. Wenye watoto kwanza. Kaeni ukutani, pande zote. Msikimbie, hakuna anayekufa." Watu wakatii kama wagonjwa. Kufumba na kufumbua katikati ya ua pakawa peupe, wageni wakiwa wamejipanga ukutani wakavu, maharusi na mfungisha ndoa wakiwa wamebanwa kwenye mlango wa Fundi. Sista akachukua fagio, akaligeuza, akalisukuma tumbo kwa mpini. Maji yakahama kwa kishindo, yakaenda kuning'inia juu ya kichwa cha bibi harusi.

"Siyo huko!" Fundi akapiga yowe. "Rudisha, mkwe, rudisha!"

Wakayarudisha wote wawili, yeye kwa mgongo wa kiti, Sista kwa fagio. Nguzo ikalia tena, ikainama. Sasa ilikuwa wazi: ama turubai lote lishuke na nguzo zake juu ya watu, ama litobolewe.

"Lete mkasi," Sista akasema.

Fundi akamtazama kama aliyeambiwa amkate mtoto. Kisha akauchomoa mkasi wake mkubwa, ule usioguswa na mtu, aliokuwa nao mfukoni mwa koti hata siku ya harusi. Akapanda kwenye kiti. Akalishika turubai. Halafu, Mungu wangu, mkono wake ukaenda shingoni ukaanza kuvuta tepu.

"Unapima nini?" Sista akauliza kutoka chini, mpini wa fagio ukipinda kwa uzito wa maji.

"Nataka iwe katikati."

"Mkwe, kata!"

"Nikikata upande, litapinda lote..."

"Kata, nimesema!"

Fundi akafumba macho, akakata bila kipimo, kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika mkasi.

Maji yote ambayo wingu lilikuwa limeyabeba tangu Jumatano yakawashukia. Hayakuanguka, yalitua. Yalimtoa Fundi kitini yakamkalisha chini, yakamvua Sista kilemba chake na kukitupa mpaka mlangoni pa jiko. Halafu yakatawanyika sakafuni, yakapita chini ya mbao, yakaingia mfereji na kwenda zake. Turubai likapaa juu, jepesi, na tundu katikati. Nguzo zikasimama wima.

"Haya," akasema shangazi wa bwana harusi kutoka ukutani, mkavu kabisa. "Hilo siyo tone?"

Fundi akainuka. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mikono ya koti alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Alitazama ua wake, akamtazama binti yake mlangoni, akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amesema mbele za watu. Akainama, akachukua kiti alichoanguka nacho, akakiweka kichwani, akaanza kuelekea getini.

"Baba!" Sindano akaita.

"Niliahidi, mama. Wacha niende."

"Mkwe." Sista alikuwa amesimama pale pale katikati, nywele zimemlala usoni, viatu vyake vyeupe vikitema maji. "Unakwenda wapi na kiti cha watu?"

"Ukumbini. Nilisema tone likimwangukia mgeni..."

"Na mgeni gani ameloa?" Akageuka, akawatazama watu waliojipanga ukutani, mmoja mmoja. "Mgeni aliyeloa anyooshe mkono."

Hakuna mkono.

"Wewe hapo!" shangazi akasema. "Unachuruzika kama shuka kwenye kamba!"

"Mimi?" Sista akajitazama, kama ndiyo kwanza anaona. "Wifi, mimi nimekuja hapa kuchukua mtoto, na mtoto wangu nawaachia hawa. Wajukuu wangu watatambaa kwenye ua huu. Halafu nani aniite mgeni? Ningekuwa mgeni, ningekuwa nimekaa huko ukutani na wewe, nimekunja mikono." Akamgeukia Fundi. "Weka kiti chini, mkwe. Unawachelewesha watoto."

Fundi hakukiweka. Mwashi ndiye aliyemtua. Kisha vigelegele vikapasuka, na safari hii vilianzia upande wa bwana harusi.

*

Tundu lilibaki linamwaga maji, na maji yalikuwa yanaruka kila upande. Lakini sasa Fundi alikuwa amepata akili, au amepata mtu wa kumsikiliza. Akamwacha Mwashi asimike nguzo mbili ndefu pembeni, turubai likapata miteremko ya kuelekea kwenye tundu. "Sasa ndiyo nguo ina kiuno," Mwashi akasema, na Fundi akamshikia nguzo. Akaufunga uzi mnene kwenye ukingo wa tundu, ushuke mpaka kwenye pipa, maji yaufuate uzi.

"Unataka kizito mwishoni," akasema, "usipeperuke. Nani ana kitu kizito?"

Sista akauchukua mkoba wake uliojaa maji, akauminya, akatoa ufunguo na kibao chake. "Hiki kinatosha?"

Fundi akakipima uzito mkononi. Akamtazama usoni kuona kama anamtania. Alikuwa anamtania, na macho yake yalikuwa mekundu vilevile. "Kinatosha kabisa," akasema, akakifunga kwa fundo la kifungo, lisilofunguka. Maji yakaanza kushuka juu ya uzi, taratibu, yakaingia pipani bila kumrukia mtu.

Harusi ikafungwa hivyo, wageni wakiwa pande zote na uzi wa maji katikati. Bwana harusi akajibu kabla hajaulizwa. Sindano akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Baadaye chakula kikaliwa, muziki ukafunguliwa, na shangazi wa bwana harusi, ambaye hakukusudia, akajikuta anacheza na mpangaji wa chumba cha mwisho, yule wa pazia la samaki, na sketi yake ikafika matopeni bila yeye kukumbuka kuishika.

Sista alivalishwa gauni la mteja mmoja ambaye hakurudi kulichukua, la maua makubwa, lisilofanana naye hata kidogo. Fundi alilitazama, akashindwa kujizuia.

"Hapa ubavuni tupunguze nusu inchi."

"Thubutu! Mimi bado nakula."

Jioni mvua ikakatika. Gari la kuwachukua maharusi likasimama getini, na Sindano akaingia ndani kuaga chumba alichozaliwa. Alipotoka, akasimama kizingitini, pale pale waliposimama mabinti wote wa watu. Mmoja mmoja wapangaji wakageuka kumtazama, kwa sababu wote waliujua mlango ule.

"Baba," akasema. "Limenikaa?"

Fundi akapiga goti. Gauni alilolishona kwa miezi lilikuwa na matope mpaka magotini, tone la nta ya mshumaa begani, na pindo la kushoto lilikuwa limevutika na maji. Lilikuwa limezidi. Hakuhitaji tepu, aliliona kwa macho: nusu inchi kamili. Akalishika pindo lile kwa vidole viwili, akakaa nalo, watu wote wakimngoja. Kisha akaliacha.

"Limekukaa, mama," akasema. "Nenda."

Akaenda. Na Fundi Nusu Inchi akasimama getini, katikati ya mkewe na mkwe wake, akamtazama mpaka gari likakata kona, na hata lilipokata kona hakugeuka kwenda kufagia.